Nataka rashasha yangu ya kwanza, ya halali na itakayodumu. Nichukue ipi?

Mzee, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga, sasa ni raia wa Marekani na dereva wa malori ya masafa marefu. Naishi Fort Worth, Texas, na mke wangu na watoto wawili. Mkubwa ana miaka 12.

Nilipita JKT Ruvu mwaka 1991, na huko ndiko nilikoshika SMG, yaani AK, kwa mara ya kwanza. Afande alitupa risasi chache tu kila mtu, lakini mapenzi ya kulenga shabaha yalianzia pale na hayajaniisha. Hapa Texas nina bastola na bunduki moja ya nusu otomatiki (ukivuta mara moja inatoka risasi moja), zote halali, na nikiwa sipo barabarani nakwenda uwanjani kama mara mbili kwa mwezi. Sasa nimeweka akiba ya dola 22,000 na nataka kununua otomatiki kamili, iliyosajiliwa serikalini. Nataka ya kutumia, mzee, si ya kupamba ukuta. Niipige mwaka hadi mwaka, na ikiwezekana mwanangu naye aje airithi.

Wenzangu wa uwanjani wamenichanganya kabisa. Mmoja ananiambia chukua M11/9, ndiyo rahisi, hela itakayobaki nunua risasi. Mwingine anasema nisinunue kitu kingine chochote zaidi ya M16 ya Colt, hata kama itabidi nikope. Wa tatu ni jamaa wa Oklahoma anayeuza Uzi yake kwa dola 18,000. Mimi mwenyewe moyo uko kwenye AK, kwa ajili ya yale ya Ruvu.

Halafu kuna kijana mmoja kwenye kituo cha malori. Aliponisikia naongelea habari hizi alinicheka, akasema najisumbua na mafomu bure. Anacho kidude kidogo anachokiita swichi, unapachika nyuma ya Glock na inamimina risasi yenyewe. Bei yake dola 300.

Mke wangu hapingi moja kwa moja, ila ana mawili. Nyumba ya mama Muheza imefika kwenye lenta na bado haijaezekwa, na anaona si haki mimi nimalize akiba yote kwenye bunduki. La pili, anamhofia mtoto, maana huyu mkubwa kila siku ananiomba nimchukue uwanjani.

Na swali la mwisho: nikishaipata, naweza kuibeba kwenye lori ili nikilala Arkansas au Illinois nitafute uwanja nipige kidogo?

Naomba unisaidie kama mwanao.

Kuruta wa Ruvu, Fort Worth

*

Marahaba, kijana wangu.

Nianze na yule wa kituo cha malori, kwa sababu lake haliwezi kusubiri. Usirudi kwake, na hicho kidude usikishike hata kwa kukitazama. Kwa sheria ya Marekani swichi yenyewe, hata kabla haijapachikwa popote, inahesabiwa kuwa ni rashasha. Kwa kuwa haimo kwenye daftari la serikali, kukutwa nayo mfukoni ni kosa linaloweza kukupeleka jela ya shirikisho hadi miaka 10. Hakuna fomu ya kuihalalisha baadaye, na ukishatiwa hatiani kwa kosa la namba hiyo hutaruhusiwa tena kumiliki bunduki wala hata risasi moja. Umejenga maisha kwa miaka yote hiyo barabarani. Usimwachie mtu usiyemjua jina ayabomoe kwa dola 300.

Sasa tuje kwenye njia ya halali, na kwa nini ni ghali hivi. Otomatiki ziliwekewa daftari na kodi mwaka 1934. Kodi ilikuwa dola 200, ambayo kwa wakati ule ilikaribia bei ya rashasha mpya ya Thompson, na kwa bunduki otomatiki imebaki dola 200 mpaka leo. Mwaka 1968 ukafungwa mlango wa kuingiza za kigeni kwa ajili ya raia. Kisha tarehe 19 Mei 1986 Rais Reagan akatia saini sheria yenye kifungu kilichopenyezwa na mbunge William Hughes wa New Jersey: otomatiki yoyote ambayo haikuwa imesajiliwa kufikia siku ile, raia wa kawaida hawezi kuimiliki. Daftari likafungwa pale pale. Zinazoweza kuhamishwa kutoka raia kwenda kwa raia ni takriban 175,000 kwa nchi nzima, na haitaongezeka hata moja.

Hapo ndipo jibu la swali lako linapoanzia. Unaniuliza bunduki gani inadumu, nami nakuambia usitazame bunduki, tazama kile kipande chenye namba ya usajili. Wewe ni dereva, utanielewa upesi: injini ya lori hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa, matairi ndiyo usiseme, lakini kadi ya gari inafuata chesisi. Kwenye otomatiki, mtutu, bolti (kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kila risasi), springi, kitako na magazini vyote vinanunuliwa vipya dukani. Chesisi yake ni kile kipande kilichoandikwa kwenye fomu, ambacho mara nyingi ni mwili wa bunduki, wanaouita risiva. Kinaweza kukarabatiwa na fundi mwenye leseni, lakini kikiharibika kabisa hakuna kiwanda duniani kitakachokupa kingine. Kwa hiyo swali la kudumu ni hili: kila risasi inapotoka, kipigo kinaangukia wapi? Kwenye kipande kilichosajiliwa au kwenye vile vya kubadilisha?

Ukizipima bunduki ulizonitajia kwa swali hilo, M16 inazishinda zote, na yule mwenzako hakukosea. Risiva yake iliyosajiliwa ni ile sehemu ya chini ya aluminiamu ngumu, inayobeba kifyatulio na magazini. Mlipuko wenyewe unafungiwa juu, kati ya bolti na mtutu, na sehemu hiyo ya juu haisajiliwi. Ukichoma mtutu leo, kesho unaweka mwingine. Matundu ya pini za kifyatulio na nyundo huweza kutanuka, lakini baada ya matumizi makubwa sana, na yapo marekebisho yake yanayojulikana. Tena juu ya risiva hiyo hiyo unaweza kuweka sehemu ya juu ya risasi ndogo za .22, au ya 9mm, ukapunguza gharama. Kwa mtu anayepiga kila mwezi hakuna kinachoizidi.

Lakini bei yake kwa sasa imepita dola 30,000, na zile zilizotoka kiwandani Colt zikiwa otomatiki tangu mwanzo zinakwenda juu zaidi ya zile zilizogeuzwa na mafundi wenye leseni kabla ya 1986. Hiyo huna. Na kukopa kwa ajili yake nakukataza, hasa ukiambiwa kwamba bei hupanda tu na kwamba unawekeza. Bei hii imejengwa juu ya kifungu kimoja cha sheria. Siku Bunge au mahakama ikifungua lile daftari, M16 ya dola 35,000 itarudi kuwa bunduki ya dola elfu moja na kitu, nawe deni litakuwa lile lile.

M11/9 ni kinyume chake. Ilitoka kwenye ukoo wa bunduki za Gordon Ingram, na yenyewe ilitengenezwa na kampuni ya SWD kabla ya 1986 kwa wingi mkubwa, ndiyo maana mpaka leo ni ya bei ya chini, kama dola 10,000 hivi. Risiva yake ni bati la chuma lililokunjwa na kuchomelewa. Kila risasi bolti inarudi nyuma kwa nguvu na kugonga mwisho wa risiva hiyo hiyo iliyosajiliwa, na kinachoizuia isigonge chuma kwa chuma ni bafa, kipande cha plastiki laini ambacho huzeeka, kikapasuka na kumung'unyuka. Mmiliki mzembe hupiga miaka bila kuifungua bunduki, na siku akifungua anakuta unga wa bafa kwenye mafuta na sehemu ya nyuma imeanza kujikunja. Bafa mpya ni hela ndogo sana. Uharibifu wa kutoibadilisha ndio mkubwa.

Shida yake nyingine ni mwendo. Inatema takriban risasi 1,200 kwa dakika, maana yake magazini ya risasi 32 inaisha kwa sekunde moja na nusu hivi. Kwa mkono wa mgeni hilo ni kelele na moshi, shabaha hakuna. Ipo dawa: kampuni ya Lage inatengeneza sehemu ya juu yenye bolti nzito zaidi, inayoshusha mwendo hadi karibu nusu na kukupa mahali pa kushikia kwa mbele. Ukiwa nayo M11/9 inageuka kuwa bunduki nyingine kabisa, ya kulengea. Watu wengi makini wanapiga nazo hivyo na wanaridhika. Kwa hiyo mwenzako wa kwanza naye hakukosea, ila hakukuambia kwamba juu ya hiyo bei ya chini kuna kazi ya kuifanya iwe ya kupendeza.

AK nakuelewa. Mtu hasahau bunduki aliyofundishiwa na afande. Lakini hesabu inakukatalia. Uingizaji ulifungwa 1968, kabla AK hazijajaa soko la hapa. Zilizomo kwenye daftari ni chache zilizoletwa na askari kutoka Vietnam na kuandikishwa kwenye msamaha wa mwaka huo, na zile zilizogeuzwa na mafundi wa hapa hapa kabla ya Mei 1986, ambazo ubora wake unategemea mkono wa fundi. Uchache huo unaifanya bei yake ishindane na M16, na kuna nyakati inaipita. Nunua AK ya nusu otomatiki, ufurahi nayo, kiu ya Ruvu itapungua.

 

Inabaki Uzi, na hapo ndipo ninapotaka ukae.

Uzi ilibuniwa na Uziel Gal wa Israeli na kuingia jeshini miaka ya 1950, na tangu mwanzo ilikusudiwa kupigwa kwenye mchanga na kusafishwa na kuruta. Inapiga kama risasi 600 kwa dakika, nusu ya mwendo wa M11/9, na uzito wake wa kama kilo tatu na nusu unaituliza mikononi. Mgeni anaweza kufyatua mbili mbili, tatu tatu, zote zikaingia kwenye karatasi. Magazini zake ni za chuma, za risasi 25 na 32, ngumu na zinapatikana. Mtutu unafunguliwa kwa mkono kwa kulegeza nati moja ya mbele. Risiva nayo ni ya bati, sikufichi, lakini ni bati lililokandamizwa mifereji ya kulitia nguvu na kuachia uchafu nafasi, na bolti yake haikimbii kwa kasi ile ya M11/9. Bafa ipo nyuma hapa pia, na inabadilishwa vile vile.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Uzi zilizomo kwenye daftari si za aina moja. Kuna zile ambazo risiva ndiyo iliyosajiliwa, na kuna zile ambazo iliyosajiliwa ni bolti tu, ikawekwa ndani ya Uzi iliyouzwa awali kama nusu otomatiki. Wauzaji huziita zote Uzi na kuzipiga picha kwa pembe ile ile. Kwenye Uzi inayopiga kutoka bolti wazi, yaani bolti ikisubiri nyuma mpaka uvute kifyatulio, pini ya kupigia risasi si kipande cha kuchomoa. Ni kinundu kilichochongwa kwenye uso wa bolti yenyewe. Kwa hiyo ukiwa na bolti iliyosajiliwa, kila risasi unayopiga inakula kipande kile kile ambacho hakina mbadala, na kinundu kikiisha au kikivunjika unahitaji fundi wa kuchomelea mwenye leseni na mkono mtulivu. Ukiwa na risiva iliyosajiliwa, bolti ikichoka unanunua nyingine ya zamani ya kijeshi na maisha yanaendelea. Kwa mtu wa kupiga mara moja kwa mwaka tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtu wa mara mbili kwa mwezi, ndiyo tofauti yenyewe.

Nyingi utakazokutana nazo zina historia moja nzuri kuijua. Kampuni ya Group Industries ya Louisville, Kentucky, ilisajili maelfu ya risiva za Uzi kabla mlango haujafungwa 1986. Ilipoanguka, risiva hizo zikaishia kwa Vector Arms wa Utah, waliozikamilisha na kuziuza miaka mingi baadaye. Ndiyo maana unaweza kukuta Uzi ya Vector ambayo haijapigwa sana, wakati karatasi yake ni ya enzi za Reagan. Hizo ndizo ningekutafutia.

Gharama za kupiga nazo uzihesabu mapema. Risasi ya 9mm kwa sasa ni kama senti 25, ya 5.56 ya M16 inakaribia senti 50. Tuseme unapiga 400 kila unapokwenda. Kwa mara mbili za mwezi, Uzi itakula dola 200 na M16 dola 400. Kwa mwaka ni dola 2,400 dhidi ya 4,800. Na uulize uwanja wako kwa simu kabla ya yote, maana viwanja vingi vya ndani haviruhusu otomatiki, na vinavyoruhusu vina masharti yao. Kuna watu wamesubiri karatasi kwa miezi, kisha wakakosa mahali pa kupigia.

Kuhusu jamaa wa Oklahoma. Yeye ni mtu binafsi wa jimbo jingine, kwa hiyo hawezi kukukabidhi mkononi, na usikubali mkutane njiani. Atajaza Fomu 4 ya ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kuihamishia kwa muuzaji wa Texas mwenye leseni ya kushughulika na silaha za aina hii, dola 200. Ikishafika, muuzaji huyo anajaza Fomu 4 nyingine kuihamishia kwako, dola 200 tena. Wewe utatoa alama za vidole na picha, na nakala itapelekwa kwa mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lako kwa taarifa, si kwa kuomba ruhusa. Muda wote huo bunduki inakaa kwa muuzaji. Usihesabu siku, kuna wanaopata haraka na kuna wanaokaa miezi. Pamoja na ada ya muuzaji, ile ya dola 18,000 itakuwa imefika karibu 18,600 kabla hujanunua hata risasi moja.

Fikiria kusajili kwa jina la trasti ya familia, yaani chombo cha kisheria kinachoshika mali kwa niaba ya familia, badala ya jina lako peke yako. Otomatiki ikiwa kwa jina lako, wewe ndiye unayeruhusiwa kuwa nayo. Wengine wanaweza kupiga ukiwa umesimama hapo, lakini mke wako akibaki nyumbani na ufunguo wa sefu wakati wewe uko barabarani wiki mbili, anaweza kuhesabiwa kuwa anamiliki kitu kisicho chake. Dereva wa masafa marefu halimwepuki hilo. Mke akiwa mdhamini mwenza kwenye trasti, tatizo linaisha, ila naye atatoa alama za vidole na picha. Hapo tafuta wakili wa Texas anayeyajua haya, si karatasi ya kupakua tu. Na hata bila trasti, ukifariki mrithi halali anaipata kwa Fomu 5, bila kodi.

Lori: hapana. Otomatiki haivuki mpaka wa jimbo bila idhini ya ATF ya maandishi, Fomu 5320.20, inayoombwa kabla ya safari kwa tarehe na mahali maalumu. Maisha yako hayana tarehe maalumu. Leo mzigo wa Memphis, kesho umegeuzwa kwenda Chicago. Na Illinois, New York, New Jersey na California, kwa raia wa kawaida, otomatiki ni kosa hata iwe na karatasi zote za serikali kuu. Iache kwenye sefu Fort Worth, iliyofungwa kwa bolti sakafuni. Bima ya nyumba mara nyingi hulipa kiasi kidogo tu kwa bunduki zilizoibwa, kwa hiyo ongeza bima yake peke yake.

Sasa mama watoto, na nimemwacha karibu na mwisho ili nimjibu kwa utulivu. Kwa mtoto, yuko sahihi kuogopa. Agosti 2014, kwenye uwanja mmoja wa Arizona, msichana wa miaka 9 alipewa Uzi ya otomatiki akiwa na mwalimu pembeni yake. Kipigo kiliinua mtutu, mkono wa mtoto haukuweza kuushusha wala kidole kuachia kwa wakati, na mwalimu akapigwa risasi ya kichwa akafa. Mtoto hakuwa mtukutu, na mwalimu hakuwa mgeni wa silaha. Nguvu ya mkono ndiyo iliyokosekana. Mwanao wa miaka 12 mwanzishie bunduki ya .22 ya risasi moja moja, ajifunze kutuliza pumzi, ajifunze kuweka kidole nje ya kifyatulio mpaka iwe tabia. Otomatiki isubiri mpaka mwili wake uwe wa mtu mzima.

Na wewe mwenyewe usijidai kwa sababu ulipita Ruvu. Siku ya kwanza weka risasi mbili tu kwenye magazini. Kisha tatu. Kisha tano. Egemea mbele, kitako kikiwa kimeshika bega, mkono wa mbele ukivuta chini. Kumbuka pia kwamba Uzi na M11/9 hupiga kutoka bolti wazi: ukikoki, bolti inakaa nyuma ikisubiri, na ikiponyoka inakokota risasi na kuifyatua bila kidole chochote. Kwa hiyo magazini haiingii mpaka mtutu uwe umeelekea kwenye shabaha, na inatoka kabla hujageuka kuzungumza na mtu.

Kwa nyumba ya Muheza, nakuomba uezeke kwanza. Silaha hii huwezi kurudi nayo Tanga, na mama hatahamia Fort Worth. Ukishatoa hela ya bati utabaki na pungufu ya bei ya Uzi, lakini wauzaji wengi wenye leseni wanakubali ulipe kidogo kidogo, bunduki ikiwekwa kando kwa ajili yako mpaka umalize, na ndipo fomu ipelekwe. Kazi yako inaweza kulipa hilo bila deni la benki. Ukiona huwezi kabisa kusubiri, basi M11/9 iliyokaguliwa vizuri pamoja na sehemu ya juu ya Lage itakuachia hela ya bati, na sitakulaumu. Ila kwa kuwa uliniuliza ya kudumu, jibu langu ni Uzi yenye risiva iliyosajiliwa, ikibidi mwakani.

Wiki hii mpigie jamaa wa Oklahoma. Mwombe picha ya fomu yake iliyoidhinishwa, akizibe anachotaka kukiziba isipokuwa namba ya bunduki, mtengenezaji na aina. Namba hiyo ilingane na iliyochongwa, na uone imechongwa wapi, kwenye risiva au kwenye bolti. Hakikisha ni ya kuhamishika kwa raia, maana zipo zilizosajiliwa kama sampuli za wafanyabiashara peke yao, ambazo hata ukilipa haziwezi kuja kwako. Kisha afungue kifuniko cha juu, atoe bolti, akupigie picha za ndani kwa mwanga mkali: pale nyuma bafa inapokaa, na pale mbele mtutu unapoingia. Unatafuta nyufa, alama za kuchomelewa upya, na chuma kilichovimba. Bolti ikiwa ndiyo iliyosajiliwa, dola 18,000 ni nyingi, mwambie hivyo kwa heshima na uendelee kutafuta. Ikiwa ni risiva, na picha ni safi, nitumie nami nizitazame kabla hujatoa malipo ya awali.